Vipeperushi Ambavyo Shangazi Hakuvikata

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Mtaa mzima ulimwita Mama Gundi ingawa hakujaliwa kuzaa. Tangu nipate akili sikuwahi kuona kucha zake zikiwa safi kabisa. Daima kulikuwa na utando mweupe wa gundi pembeni. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la mpiga chapa. Mlikuwa na meza moja ndefu, kibanio cha chuma cha kushindilia vitabu, sindano ndani ya kopo la maziwa, na mashine ya kukatia karatasi yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima.

Mpiga chapa mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Shangazi alikuwa Mwislamu wa kufunga hata Jumatatu na Alhamisi. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo sikusikia wakigombana ila juu ya redio. Mzee alipenda taarifa ya habari, shangazi alipenda mpira.

Kazi nyingi alizoletewa zilikuwa vitabu vya dini, maana ndivyo watu wanavyovisoma mpaka vinachanika. Misahafu aliishika akiwa na udhu. Biblia nazo hakuzigusa kabla ya kunawa mikono. Kabla ya kushona alihakikisha kurasa zinafuatana, na kuhakikisha kwake kulikuwa kusoma. "Ukiruka ukurasa mmoja," aliniambia, "umemrudishia mtu kitabu kisicho chake." Hakuwa mwanachuoni, lakini vitabu vyote viwili alivijua kwa mkono na kwa jicho.

Mwaka ninaousimulia, baba alikuwa akiuza viatu sokoni. Wauzaji wawili waligombania nafasi ya kibanda. Asubuhi ugomvi ulikuwa wa kibanda. Kufika adhuhuri ulikuwa umegeuka wa dini. Mmoja alimtusi mwenzake imani yake, maneno yakasambaa kama moto wa nyasi kavu, na kundi la vijana wa Kikristo likavamia safu ya baba likiwa na nondo. Baba hakuwa ameinua hata mkono. Taya lake lilivunjika mahali pawili. Hospitali walilifunga kwa waya, akawa anakunywa uji kwa mrija na kuzungumza kwa kuandika kwenye daftari langu la hesabu.

Siku ya tatu, Jumatano, mtu mmoja aliingia chumba cha shangazi na furushi la karatasi begani. Tulimwita Katibu, kwa kuwa hakuna kamati pale mtaani ambayo hakuwa katibu wake, na alisali msikiti mmoja na shangazi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikikunja karatasi.

"Mama Gundi, hizi zikatwe nne nne. Ziwe tayari kabla ya sala ya Ijumaa."

Shangazi akavaa miwani, akasoma. Kilikuwa kipeperushi chenye maneno makubwa ya kuwaua maadui popote watakapokutwa, na chini yake jina la baba yangu, kama mtu anayestahili kulipiziwa kisasi.

"Katibu, aya hii umeianzia wapi?"

"Inaanzia hapo hapo."

"Haianzii hapo. Juu yake wametajwa wanaokupiga vita, na umekatazwa kuvuka mipaka. Chini yake kuna 'wakiacha'. Umeniletea kiwiliwili, kichwa na miguu umeviacha wapi?"

"Mdogo wako yuko hospitali anakunywa kwa mrija!"

"Najua. Huo mrija nimeununua mimi."

"Wewe kata tu, mama. Tafsiri waachie wanaume."

"Basi na kukata waachie haohao."

Katibu akalifunga furushi lake kwa hasira. Mlangoni akageuka: "Siku si nyingi utaujua upande wako."

Mpiga chapa aliingia na vikombe viwili vya chai, akamkuta shangazi amekaa. Alipoelezwa alivitua vikombe. Alikwenda kwenye meza yake, akafungua mtoto wa meza, akaleta karatasi moja. Vijana wa kanisani kwake walikuwa wamemletea yao. Ilisema Yesu hakuja kuleta amani bali upanga, na kwamba asiye na upanga auze joho lake akanunue.

"Nimeshapanga herufi," alisema, macho yakiwa chini. "Niliogopa. Waliniambia nikikataa duka litaungua."

"Ungenipa mimi nikate?"

Mzee alizungusha kikombe mkononi mpaka chai ikamwagika kidogo.

"Ningekupa."

Nilidhani shangazi angepasuka kwa hasira. Aliinuka, akanawa, akachukua Biblia ya mteja iliyokuwa ikisubiri jalada, akaifungua karibu na mwisho wa moja ya Injili. Alimwonyesha kwa kidole: usiku wa kukamatwa, mwanafunzi mmoja anachomoa upanga na kumkata mtu sikio, bwana wake anamkemea, kisha analigusa sikio la yule adui na kuliponya.

"Haya nayo hukuyapangia herufi," alisema. "Na wewe ni mzee wa kanisa."

Mpiga chapa alirudi mashineni akazitoa herufi moja moja, akazirudisha kwenye visanduku vyake. Kisha akaenda kwa mchungaji, na shangazi akaenda kwa imamu.

Alhamisi alasiri viongozi hao wawili walikaa kwenye meza ile ndefu, katikati ya mabaki ya karatasi. Imamu alikuwa mtu asiyependa kuremba maneno. "Siwezi kusema vita havimo," alisema. "Vimo. Mtu akishambuliwa ana ruhusa ya kujitetea. Lakini hata khalifa wa kwanza alipotuma jeshi aliwakataza kuua wanawake, watoto na wazee, wasikate miti ya matunda, wala wasiwaguse watawa. Sasa muuza viatu mwenzako utampiga kwa ruhusa ipi?"

Mchungaji alikiri kwamba hata kwao wanazuoni hawakuwa na kauli moja. Wa mwanzo wengi walikataa kabisa kushika silaha. Waliokuja baadaye walisema kuna vita vya haki, kwa masharti mazito. "Lakini umati wenye nondo," alisema, "hauingii kwenye fungu lolote. Sisi tumeambiwa tugeuze shavu la pili."

"Mdogo wangu hana shavu la kugeuza, mchungaji," shangazi akajibu. "Limefungwa waya."

Mchungaji alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Basi nitakwenda kumwomba radhi," alisema.

Siku ya Ijumaa imamu alisoma aya ile pamoja na zilizo juu na chini yake. Mchungaji naye alifanya hivyo Jumapili kwa maneno ya upanga. Sitadanganya kwamba mji wote ulitulia. Katibu alipata mtu wa kukata karatasi zake kwa mkasi, na katika mitaa ya ng'ambo ya barabara kuu nyumba mbili zilichomwa. Mtaani kwetu watu walitoka msikitini wakaenda makwao.

Jumamosi asubuhi, katikati ya siku hizo mbili, jiwe lilipasua dirisha la chumba cha kazi. Vioo vilimkata shangazi mkono wa kushoto, mishipa ya vidole viwili ikakatika. Mpiga chapa alivua shati akaufunga mkono, akabaki na fulana mbele ya mtaa mzima, yeye ambaye hakuwahi kuonekana bila tai. Shangazi alikuwa amemwona aliyerusha. Alikuwa Katibu.

Jioni hiyo nilimsindikiza shangazi hospitali kumwona baba. Baba, aliyekwisha kusikia habari za vipeperushi, aliutazama ule mkono, akaandika kwa nguvu hadi penseli ikavunjika: *Wewe ni dada yangu au ni dada yao?*

"Ni dada yako," alisema. "Ndiyo maana sitaki mtu aue kwa jina lako."

Baba aligeukia ukutani. Mchungaji alipokuja, alimgeuzia mgongo pia. Alikuja mara tatu. Mara ya nne baba alisogeza miguu ili apate pa kukaa.

Kesi ya jiwe lile ilipofika mahakamani, mpiga chapa alimsihi shangazi asamehe tu, yaishe. "Nitasamehe nikishasema ukweli," alimjibu. "Kusamehe na kuficha ni vitu viwili." Alisimama kizimbani, akamtaja Katibu, akaonyesha vidole visivyokunjuka. Hakimu alipomuuliza kama ana la kuongeza, alisema: "Nina haki ya kudai, mheshimiwa, na nina ruhusa ya kusamehe. Nimechagua ya pili. Asifungwe. Ila asije akasema hakufanya."

Katibu, aliyeingia akiwa ameinua kidevu, aliinamisha kichwa. Alihukumiwa kufagia soko kwa miezi sita, na alifagia.

Baba alikuwa amekaa benchi la nyuma, waya umetolewa wiki hiyo. Tulipotoka nje alimsogelea dada yake. Maneno yalimtoka kwa shida, mdomo ukiwa bado mgumu.

"Vidole vinauma?"

"Vinauma kukiwa na baridi."

Akamchukulia mkoba, wakatangulia mbele yangu hadi nyumbani.

Shangazi alijifunza upya kushona kwa vidole vitatu na meno. Mishono yake ya miaka hiyo ilikwenda upande kidogo, na kuna wateja waliomletea vitabu visivyohitaji kushonwa kwa makusudi ili wapate mishono hiyo. Hilo lilimkera sana. Alisema yeye ni fundi, si kumbukumbu.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, nilimuuliza kama aliwasamehe wale wenye nondo. Alifikiri. "Walikuwa watatu niliowaona sura," alisema. "Wawili nimewasamehe. Huyo wa tatu bado."

Nilimpelekea shangazi jibu hilo nikitaraji atasikitika. Alikuwa akipaka gundi mgongo wa kitabu, hakuinua kichwa.

"Usimharakishe," alisema. "Nipe hiyo brashi ndogo."