Nguo Mbili za Kitambaa Kimoja

Harufu ya pasi ya mkaa ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kila Jumapili nyumbani kwetu Misigiri. Mama aliipepea uani mpaka makaa yaive, akanyunyiza maji kwa vidole, na mvuke ukaingia chumbani umebeba sabuni ya mche na moshi. Nilijua bila kufumbua macho kwamba mezani kuna magauni mawili ya kitambaa kimoja na mshono mmoja, la Kulwa na la kwangu. Kulwa ni pacha wangu, alinitangulia kuzaliwa kwa muda mfupi tu, lakini huo muda mfupi ulinigharimu sana. Mama yetu aliitwa Mama Kulwa na kijiji kizima. Sikuwahi kusikia mtu akimwita Mama Doto. Watu wakikutana nami peke yangu kisimani walinisalimia kwa kukisia, wakikosea wanacheka, na mimi nikatakiwa nicheke pia. Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Siku moja Kulwa alizungumza darasani, mwalimu akanichapa mimi, na nilipomwambia kwamba mimi ni Doto alijibu, "Nyie si wale wale tu?" Nikarudi kukaa huku mkono unawaka.

Mwaka tulioingia darasa la sita nilichoka kabisa. Kulwa hakuona tatizo. Yeye alikuwa mchangamfu, alipenda kuimba, na alivaa lolote aliloletewa. Mimi nilikuwa nikisimama mbele ya kioo kidogo cha mama nikijaribu kufunga kilemba upande, au kukunja mikono ya gauni mpaka juu ya kiwiko, nikitafuta namna ya kuonekana ni mimi. Mama alikuwa akipita ananikunjua mikono kama anavyonyoosha shuka. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusishonewe tofauti japo mara moja. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso. "Kwetu bibi yenu alimpenda dada yangu, na nguo nzuri zote zilikwenda kwake," alisema. "Nyinyi mkiwa sawa, hakuna atakayeniuliza nimempenda nani zaidi." Hasira yangu ilibaki, tena ikaongezeka, kwa sababu sasa sikuweza hata kusema kwamba ananionea.

Likizo ya katikati ya mwaka Kulwa alibaki nyumbani kwa ajili ya mazoezi ya kwaya, na mimi nikapelekwa Kinyangiri kumsaidia shangazi kuvuna alizeti. Tulikata vichwa vilivyokauka, tukavianika, tukavipura kwa fimbo mpaka vumbi likatuingia kwenye nywele na masikioni. Kule hakuna aliyetuzoea tukiwa wawili. Majirani waliniita Doto, na nilikuwa nageuka haraka kuliko ilivyohitajika. Tulipomaliza kazi shangazi alinipeleka mnadani, akanisimamisha mbele ya rundo la mitumba. "Chagua mwenyewe, mwanangu. Umefanya kazi." Nilipekua mpaka muuzaji akaanza kununa. Nikatoa blauzi ya kijani kibichi yenye vifungo vikubwa vya mbao na mikono mipana. Haikuwa na mwenzake katika rundo lote, nilihakikisha. Nilirudi nayo Misigiri mwilini, nikapita barabara ya madukani nimenyoosha mgongo, na Fundi Rajabu, aliyekuwa akishona barazani kwa duka, aliinua kichwa akasema, "Karibu, Doto." Hakukisia. Niliipokea salamu ile kwa "Shikamoo, fundi" kwa sauti ambayo hata mimi sikujua kwamba ninayo.

Niliivaa blauzi ile siku chache tu. Kulwa aliitazama sana, akavigusa vifungo, akaomba kuijaribu nikakataa. Nadhani alilia, na nadhani mama alimwona. Asubuhi moja niliifua nikaianika, na jioni niliporudi kuchota maji nikakuta kamba ya nguo ni tupu. Mama hakuficha kitu. Alikuwa ameipeleka kwa Fundi Rajabu ikakatwe, na kutoka kwenye blauzi yangu zikapatikana kola mbili na mifuko ya magauni mawili, vifungo vikagawanywa kwa haki. Alinionyesha kwa furaha kabisa. "Ona, sasa wote mna kijani." Kulwa alikuwa ameshalivaa lake, anazunguka uani. Nilitoka mbio mpaka madukani. Nilipofika kwa Fundi Rajabu kuulizia vipande vilivyobaki, alitazama chini. "Nilimuuliza mama yako mara mbili, mwanangu," alisema. Vipande alikuwa ameshavitupa.

Jumapili iliyofuata, mama akiwa jikoni, nilichukua wembe nikafumua kola na mifuko ya gauni langu. Sikufanya kazi nzuri. Nyuzi zilining'inia, shingo ikabaki bila pindo, na mahali pa mifuko pakabaki na alama za miraba. Nilikwenda hivyo kanisani. Mama aliponiona mlangoni alinigombeza kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, huku akitabasamu kwa wazee wa kanisa, akanivuta niketi nyuma. Lakini baada ya ibada kila mtu alijua Doto ni yupi. Hata mke wa mchungaji aliniita kwa jina, japo ilikuwa kunionya. Mama hakunisemesha wiki nzima, na mimi nilivumilia kwa sababu niliamini nimeshinda. Kisha ikaja Jumapili nyingine, nikatoka chumbani, nikamkuta Kulwa ananisubiri uani. Alikuwa amefumua kola yake. Nyuzi zinaning'inia, shingo wazi, kila kitu. "Lako lilikuwa zuri kuliko langu," alisema, na alikuwa anamaanisha. Nilikaa chini kwenye kizingiti, nikakataa kwenda kanisani.

Sasa naishi Singida mjini, na Kulwa ameolewa Itigi. Nikienda Misigiri nawakuta watoto wa shule wakijipiga picha kwa simu za mama zao, huyu kavaa kofia kinyume, huyu kachana suruali kwa makusudi, na hakuna anayewakunjua mikono. Ninawaonea wivu waziwazi. Ofisini wananisifu kwamba nina mtindo wangu: nywele fupi, mashati ya kiume, hereni moja kubwa. Wanasema wananitambua nikiwa mbali. Nafurahi kusikia, halafu nafika nyumbani nafungua kabati na furaha inakwisha. Kulwa anapenda magauni, ndiyo maana sina gauni. Kulwa anasuka, ndiyo maana nanyoa. Nikiona nguo dukani, kabla sijaijaribu, kabla hata sijauliza kama naipenda, huwa namfikiria yeye ameivaa, na nikiona inamfaa nairudisha.