Tulivyompeleka Bwana Harusi Kinyumenyume

Nawaomba mnicheke sasa hivi kabisa mmalize, ili nikianza kusimulia kazi hiyo iwe imekwisha, kwa sababu aibu hii ninayo na sina pa kuipeleka: mimi ndiye niliyempeleka kaka yangu kuoa kinyumenyume. Sisemi kwa mafumbo. Boti ilitanguliza kisogo, bwana harusi akawa mkiani, na kijiji kizima kilikuwa kimesimama ufukweni kinatazama.

Mambo yalianza na mguu. Kwa wasiozijua mashine za boti, mguu ni ile sehemu ya chini inayozama majini, ndani yake mna gia zinazoogelea kwenye mafuta, na nyuma yake imefungwa propela. Mjomba Shamte ana boti ya abiria pale Nyamisati, na harusi ikiwa imekaribia alipita mahali maji yamekupwa akagonga kisiki cha mkoko, mguu ukapata ufa. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Mtawanya, shahada yangu ya usimamizi wa miradi iko kwenye bahasha juu ya kabati. Mjomba, ambaye anaamini kwamba mtu akishasoma kimoja amesoma vyote, alinikabidhi ule mguu ndani ya kiroba cha mchele.

"Mwanangu, pesa hii hapa. Ukitengenezeka, tengeneza. Usipotengenezeka, nunua mwingine. Amua wewe, ila ujue kaka yako anaoa kwa boti hii."

Aliposema kwa boti hii alimaanisha hii hii. Bi Mwanahawa, bibi yake bibi harusi, anaishi huko visiwani katikati ya delta na hatuhesabu sisi wa Mtawanya kuwa watu wanaojua maji. Alitoa sharti moja tu, na hakulibadilisha hata alipoombwa na wazee: "Mjukuu wangu anaolewa na watu wa barabarani, watu wa mabasi na ufuta. Sawa. Ila waje na chombo chao, kwa nguvu zao, maji yakiwa yamejaa. Kama siku ya harusi tu hawawezi kufika kwangu, mtoto huyu akiugua huko kwao wataniletea vipi?" Na sheikh wa kufungisha ndoa naye alikuwa anatoka kisiwa kingine, kwa hiyo maji yakianza kupwa anaondoka, ndoa iwepo isiwepo.

Mtu wa kawaida angekwenda Ikwiriri akanunua mguu mpya. Nilikwenda. Kwenye duka la vipuri la Bwana Rajabali ulikuwepo mmoja, mpya, ndani ya boksi lake. Niliutoa, nikaugeuza, nikaurudisha, nikautoa tena. Niliwaza, je, ukiwa wa bandia? Je, matundu ya bolti yakipishana? Je, nikishanunua, halafu mtu amwambie Mjomba kwamba ule wa zamani ungechomelewa tu, nitaonekana msomi gani? (Haya yote niliyawaza nimesimama, wateja wengine wananipita.)

"Kijana," akasema Bwana Rajabali, "unanunua mguu au unaposa?"

Nikamwambia nitarudi.

Nikaenda Kibiti kwa Fundi Selemani, mchomeleaji anayejiamini kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliutazama ule ufa akacheka. "Huu? Nikiuziba mimi, boti itaoza mguu ubaki." Tukamwaga mafuta ya ndani. Yalitoka ya kijivu, yamechanganyika na maji kama chai ya maziwa iliyopoa, na yalikuwa yanametameta. Hapo sasa. Nilikuwa nimeshasoma kwenye simu kwamba mguu ukipasuka nje tu unatengenezeka, lakini mafuta yakitoka na vumbi la chuma gia zimeshalika, nunua mwingine. Nikayatazama yale mafuta yanavyometa. Fundi naye akanitazama mimi.

"Mchanga huo," nikasema.

"Mchanga tu," akasema Fundi.

Tukakubaliana upesi sana, kwa sababu yeye hakuwa na kifaa cha kuufungua ndani na mimi nilikuwa nimeshaamua. Akachomelea, akasaga pakalainika, tukatia mafuta mapya, tukaurudisha nyumbani, tukaufunga kwenye mashine na kuijaribu ndani ya pipa la maji nyuma ya nyumba. Gia ya mbele, maji yakaruka. Ya nyuma, yakaruka. Majirani wakapiga makofi. Nikamweleza Mjomba tofauti ya kutengeneza na kununua, mikono nimeiweka nyuma kama mhadhiri, na Shangazi Mwajuma, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akauliza kama na huko tuendako ni pipani. Nikamwambia, "Shangazi, hii ni kanuni." Akaendelea kupepeta.

Siku ya harusi niliomba niendeshe mwenyewe (ndiyo, niliomba). Kaka yangu Athumani alikaa mbele na joho na kilemba chake, wazee wakamzunguka, Shangazi akakumbatia sanduku la nguo za bibi harusi, vijana wakapiga dufu, mashine ikawa inaunguruma vizuri mpaka nikaanza kutabasamu peke yangu. Tulikuwa tumekwenda mbali kidogo ndani ya mkondo, mikoko kushoto na kulia, chini kukasikika krrrr, kama mtu anatafuna mifupa. Mashine ikapiga kelele na boti ikasimama. Nikaongeza moto, kelele ikazidi, boti haiendi popote. Dufu likanyamaza.

Ikapita boti ya wabeba samaki. "Wazee, tuwavute?"

"Tuvutwe?" Mjomba akasimama. "Tufike tumefungwa kamba kama mbuzi wa sadaka? Nendeni zenu, sisi tunapumzika!"

Wale jamaa wakatazama joho, dufu na sanduku, wakaenda zao wanacheka. Maji yalikuwa yamejaa kabisa, na yakishajaa hayakai yakikusubiri. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwaza, nilisukuma tu mkono wa gia upande wa pili. Boti ikaruka nyuma, mzee mmoja akaangukia magunia.

"Mjomba, gia ya nyuma inashika!"

"Inatupeleka wapi?"

"Nyuma."

Mjomba akatazama maji, akanitazama mimi. "Basi geuza kisogo, twende nacho."

Boti ikienda kinyumenyume maji yanaingilia nyuma, na nyuma nilikuwepo mimi. Kila mtu nilimsogeza mbele, wakabanana kule kama kuku ndani ya tenga, kanzu yangu ikalowa mpaka ikawa inaonyesha kila kitu. Athumani alinigeukia akauliza kwa upole, "Mdogo wangu, hivi mimi naoa au natoroka?"

Pale kijijini kina mama walianza vigelegele walipotusikia. Walipotuona, vikakatika katikati. Mmoja akaanzisha wimbo pale pale, "Bwana harusi kaja kisogo, uso kamwachia nani," na wenzake wakaitikia. Kijana mmoja akapaza sauti, "Nahodha, taa ya rivasi imeungua!" Na kwa kuwa propela haiwezi kupandishwa kwenye tope, ilibidi boti igeuzwe kwa mikono, na kila mkono ndani ya boti ulinionyesha mimi. Nikashuka. Tope likanishika mapajani. Ndala zangu ziko huko huko mpaka leo. Niliisukuma boti, ikageuka uzuri kabisa, na mimi nikaenda kifudifudi.

Nilipoinua uso, Bi Mwanahawa alikuwa amesimama juu yangu.

"Wewe ndiye nahodha? Mashine mliijaribu kabla ya kuja?"

"Tuliijaribu, bibi."

"Wapi?"

"Kwenye pipa."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Babu zetu walinyunyiziwa dawa wakaambiwa risasi zitageuka maji, nao hawakuijaribu kwanza. Ila ile ilikuwa Majimaji, baba, adui yuko mlangoni. Wewe alikuwa anakufukuza nani?"

Akamgeukia Mjomba. "Mmevutwa?"

"Hatukuvutwa."

"Chombo ni chenu?"

"Chetu."

Akayatazama maji. Yalikuwa bado hayajaanza kushuka. "Nilisema waje, sikusema watangulize nini. Mwiteni sheikh. Na huyu mpeni khanga, hawezi kuingia ndani ya nyumba yangu na tope."

Ndoa ya kaka yangu niliishuhudia nimejifunga khanga, na maneno yaliyoandikwa nyuma yake sitayataja hapa. Kurudi, Bi Mwanahawa mwenyewe alimwamuru mwanawe atuvute, na njia nzima bibi harusi alikuwa anatikisika kwa kicheko ndani ya shela yake.

Jumatatu nilikuwa Ikwiriri kabla duka halijafunguliwa. Bwana Rajabali aliponiona alishusha lile boksi bila kuuliza kitu, akalifuta vumbi.

"Umemaliza kuposa?"

"Nimeoa," nikasema. "Nipe niende."

Tangu hapo mafuta yakimetameta siyaiti mchanga, naufungua mguu wote nitazame, na nimeapa sitaisifia tena mashine iliyonguruma ndani ya pipa. Pipa lenyewe Shangazi amelichukua kukingia maji ya mvua. Bi Mwanahawa siku hizi akija kumwona mjukuu wake hupanda boti yetu na si nyingine, ila kabla ya kukaa husimama kwanza aniulize, mbele ya abiria wote, leo mbele ni wapi.