Macho ya Mama Achieng

Nilipokuwa mtoto kule Nyalenda, tulikula mlango ukiwa umefungwa, hata jua liwake vipi juu ya mabati. Nyanya alitufundisha kuwaogopa watu wenye sihoho: mtu kama huyo akikutazama ukila, chakula kinakwama tumboni na unaweza kufa.

Siku moja ya mvua, mdogo wangu Akoth alikalia kizingiti akila samaki. Jirani yetu, Mama Achieng, akapita, akamtazama, wakachekeana. Kufikia jioni mtoto anahara na kutapika, macho yamedidimia.

"Si nilisema?" Nyanya akalia. "Amepita, mtoto ameanguka. Mnataka nini tena?"

Akaletwa mama mmoja anayetoa sihoho. Alimsugua Akoth tumbo kwa majani, akatuonyesha kiganjani vipande vya samaki, eti vimetoka humo. Mtoto akanyamaza. Tulimshukuru Mungu, jamani, kumbe alikuwa ameishiwa nguvu. Asubuhi alipozidiwa, hatukusema dawa imeshindwa. Tulisema Mama Achieng amemtazama tena.

Na ni yeye aliyekuja mbio. "Mama Akoth, ni maji! Bomba imepasuka kwa mtaro. Twende hospitali, mimi nitakusaidia kubeba."

"Na wewe umejuaje kile iko kwa tumbo ya mtoto?" Nyanya akauliza.

Kila alichojua kilikuwa ushahidi dhidi yake. Mama alisimama kati yao, Akoth mgongoni. Kisha akafunga mlango. Akoth alifariki kabla ya adhuhuri. Mama Achieng alihama wiki hiyo, akirushiwa mawe.

Nilipoingia chuo huko Maseno, mhadhiri wa mantiki alitueleza kwamba jogoo huwika kisha kunapambazuka, lakini jogoo haleti jua. Darasa zima likacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Nikaenda nyumbani na hasira zangu, nikamweleza Mama yote. Alisikiliza akichambua omena.

"Lakini huyo mama akihama, si watoto waliacha kugonjeka?"

"Mama, wiki hiyo bomba lilitengenezwa."

Mikono yake ikasimama. "Maji ya Akoth nilichota mimi," akasema. "Nikamkunywesha na hii mkono yangu."

Hoja nilikuwa nayo, tena sahihi. Lakini aliniangalia kama mtu anayezama.

"Pengine yalikuwa macho, Mama," nikasema.

Akarudia omena zake. Mama Achieng, popote alipo, bado ndiye mchawi wetu, na nyumbani ni mimi tu ninayejua kwa nini tunamhitaji.