Bega la Komeo

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa mama yake. Kwingine kote aliitwa Komeo, kwa sababu alikuwa golikipa, na enzi zake akishafunga mlango ulikuwa umefungwa kweli. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viganja vipana, na mwendo wa mtu aliyebeba ndoo hata kama mikono ni mitupu. Wenzake wengi wa rika lake walikuwa wameshatundika viatu, wakawa wanakuja kutazama tu, watoto wakiwa migongoni.

Kazi yake ilikuwa kufua katika hoteli. Mashine zilikuwepo, kubwa kama makabati, lakini mashine haitoi nguo yenyewe. Shuka likilowa ni zito kama mtu aliyezimia. Komeo aliyavuta mashuka, akayakung'uta, akayapandisha kwenye mashine ya kukaushia, kisha akayapitisha kwenye pasi ndefu ya mvuke, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Akitoka hapo nguo zimemganda mwilini, nyumbani alikuwa anasubiriwa na mama.

Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto. Fundi cherehani aliyeshona nusu ya sare za shule za mtaa ule sasa alihitaji kugeuzwa, kuogeshwa na kuketishwa. Ulimi wake ulikuwa umekuwa mzito, lakini ukali haukupungua hata chembe. Komeo alikuwa na kaka mkubwa, dereva wa lori, ambaye alituma salamu nyingi na ushauri zaidi ya salamu. "Mama asilalie upande mmoja muda mrefu," alisema kwenye simu, utadhani mama alikuwa akigeuzwa na upepo. Mume aliwahi kuwepo pia. Alihamia kwa mwingine, na Komeo hakuwa na nguvu ya kumfuata kumuuliza.

Basi siku ya mapumziko, jirani mmoja akikubali kukaa na mama, Komeo alikwenda uwanjani. Ulikuwa uwanja wa changarawe nyuma ya ghala la mbao. Watu walidhani anapenda mpira kupita kiasi. Ukweli ni kwamba golini hakuna aliyemwomba maji, hakuna aliyemwita kutoka chumba cha pili. Mpira ukiwa upande wa wapinzani, alisimama kati ya milingoti miwili akapumua.

Bega lilitoka mara ya kwanza kwenye mpira wa kona. Aliruka, mkono wa kulia ukiwa juu na nyuma ya kichwa, mshambuliaji akamgonga, na akaanguka huku mkono umebaki kule kule. Alisikia kitu kikihama. Alipojitazama, bega lake halikuwa na mviringo tena. Lilikuwa na kona kama ya meza. Nahodha, mpishi wa shule mwenye sauti ya kuita watoto wa madarasa yote kwa mara moja, akasema, "Tulia. Nilishaona wanaume wakifanya hivi." Akavua kiatu, akakanyaga kwapani mwa Komeo, akamshika kifundo cha mkono na kuvuta. Komeo alipiga yowe. Kukalia *kop*, bega likarudi, na timu nzima ikashangilia kuliko bao.

"Unaona?" nahodha akasema, jasho likimtiririka. "Daktari wa nini?"

Komeo alimaliza mchezo, akarudi nyumbani, akamwinua mama kumpeleka bafuni. Alisaga meno.

Ila kiungo kikishatoka hakirudi kilivyokuwa. Lilitoka tena kabla msimu haujaisha, nahodha akavua kiatu tena. Likatoka tena kwenye mazoezi, mpira wa kawaida tu. Baadaye likawa halihitaji hata mpira. Siku moja alinyoosha mkono kuchukua shuka lililokwama nyuma ya mashine, bega likateleza nusu, likarudi lenyewe, yeye akabaki ameegemea ukuta, macho yamemtoka. Msimamizi akamuuliza kama anaumwa. "Usingizi tu," akajibu, na hilo halikuwa uongo mtupu. Alianza kulala ameubana mkono kifuani kama aliyeficha kitu. Sehemu ndogo ya ngozi juu ya bega, pale nje, ikafa ganzi. Alijifinya, hakusikia. Akaona afadhali, angalau hapo hapaumi.

Mama ndiye aliyegundua. "Mbona unanishika kwa mkono mmoja?"

"Nimechoka, mama."

"Kuchoka hakuna upande, mwanangu. Wa upande ni mimi." Akamtazama kwa jicho lake zima. "Nenda hospitali."

"Nitakwenda."

"Sikio la kufa," mama akasema, wala hakumalizia.

Ilitokea asubuhi, kabla ya kazi. Komeo alikuwa anamhamisha mama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kwa namna yake ya kila siku: mikono ikimzunguka chini ya makwapa, kifua kwa kifua, moja, mbili, inuka. Walipofika katikati, mama akayumba. Komeo akaurusha mkono nje ili amzuie, na bega likachomoka lote. Wakaenda chini pamoja. Komeo alijigeuza ili mama aangukie juu yake, na hilo likamaliza kilichobaki. Alipojaribu kuinuka aliona giza.

Wakabaki sakafuni, mama amelala juu ya miguu ya bintiye, mlango umefungwa kwa ndani.

"Umeumia, mama?"

"Mimi sijui nilipo. Wewe?"

"Bega."

Kwa mkono wake wa kulia, mama akalivuta beseni la plastiki lililokuwa chini ya kitanda, akaanza kulipiga kwenye mguu wa kitanda, taratibu, bila kuacha, kama mtu anayetwanga. Alipiga hadi sauti za watu zikasikika nje. Fundi viatu wa nyumba ya jirani akausukuma mlango mpaka kitasa kikaachia. Akamwinua mama akamrudisha kitandani, kisha akamgeukia Komeo na kuanza kukunja mikono ya shati.

"Hili ni la kuvuta tu, dada. Hata nahodha wenu hukanyaga kwapani na—"

"Usimguse!" Mama alipaza sauti ambayo hakuna aliyejua bado anayo. "Umkanyage na kiatu hicho? Mpeleke hospitali!"

Akampeleka, mkono umefungwa kwa khanga ya mama.

Hospitali walimpiga picha kwanza. Daktari akampa dawa ya kumlegeza, akaurudisha mkono polepole, akiuzungusha kidogo kidogo, bila teke wala yowe, hata Komeo akauliza kama ameshamaliza. Kisha akamwonyesha picha. Ukingo wa kikombe cha mfupa, pale kichwa cha mkono kinapokaa, ulikuwa umemeguka kidogo.

"Nani amekuwa akilirudisha?"

"Wachezaji wenzangu."

Daktari hakufoka. Alivua miwani, akasugua macho. Alionekana naye hajalala. "Mara ya kwanza ungekuja, ungefungwa mkono, ungepumzika, ungefanya mazoezi, labda yangeishia hapo. Labda, bega ni kiungo kigeugeu. Sasa kano zinazolishika zimechanika na kulegea kama mpira wa soksi kuukuu. Na hii ganzi ni mshipa wa fahamu uliovutwa. Una bahati haukukatika. Watakuona kwa ajili ya upasuaji, wakukaze hizo kano. Kabla na baada yake, mazoezi. Na usinyanyue kitu."

Komeo akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mimi namnyanyua mama yangu."

"Basi anyanyuliwe na mwingine."

Kaka alifika kesho yake, na begi dogo la mtu anayelala usiku mmoja. Alimkuta dada yake mkono umening'inizwa shingoni, na mama akitaka kugeuzwa. Aliinama, akamshika mama kama anavyoshika gunia, mama akaguna. Komeo, kutoka kwenye kiti, ikabidi amwelekeze: piga goti, mlete karibu nawe, usitumie mgongo, mwambie kabla hujamwinua. Walipomaliza, dereva aliyevuka mipaka na mizigo ya kila aina alikuwa ameketi sakafuni akihema.

"Hii unafanya mara ngapi kwa siku?"

"Hesabu mwenyewe."

Alihesabu. Jioni alikwenda nje kupiga simu kwa tajiri wake, akarudi na kusema amepata ruhusa mpaka dada atakapopasuliwa. Mama, ambaye alikuwa akisikiliza yote, akasema, "Mkono mmoja haulei mwana. Wala mama." Kaka akajidai hakusikia, akaenda kuosha vyombo, akavunja bakuli.

Hazikuwa siku nzuri, kusema kweli. Kaka alikoroma, alichoma chakula, alilalamika mgongo. Komeo alikuwa na hasira ambayo hakujua aiweke wapi: amepewa mapumziko aliyoyaota kwa miaka, na usingizi hauji. Alikwenda kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, katika chumba chenye vitanda vilivyopauka. Hapo alikuta wengine: mkimbiaji aliyechanika msuli wa nyuma ya paja, kijana wa mpira wa kikapu mwenye kifundo cha mguu kilichovimba kama embe, mzee aliyeteguka goti akicheza na wajukuu.

"Nyote mnaniletea kitu kimoja," mtaalamu akasema huku akimfunza Komeo kuinama na kuuacha mkono uning'inie na kubembea kama kengele. "Kimeuma, mkakipaka kitu cha moto, mkarudi uwanjani. Kingekuwa cha jana, ningesema pumzika, weka barafu ndani ya kitambaa, funga bandeji, kiinue. Lakini wewe umeniletea cha mwaka jana."

"Nitacheza tena?"

"Bembeza mkono kwanza."

Baada ya upasuaji alianza upya kutoka chini kabisa. Kufungua na kufunga kiganja. Kukunja kiwiko. Kupandisha vidole ukutani kama mjusi, leo mpaka hapa, kesho pale pale, kesho kutwa chini zaidi. Baadaye akapewa kipande cha mpira cha kuvuta, akakifunga kwenye kitasa cha mlango. Mama alikuwa akimtazama kutoka kitandani. Asubuhi moja akasema, "Na mimi nifungie."

"Utaweza wapi, mama?"

"Wewe unaweza?"

Komeo akamfungia ncha ya pili kwenye kiganja kile kilichokuwa hakishiki kitu, akamsaidia kukikunja. Wakavuta, huyu bega, yule kiwiko, wote wakikunja uso. Mkono wa mama ulisogea kidogo, au pengine ni mpira uliousogeza. Hawakubishana. Wakafanya tena siku iliyofuata, na mama akawa ndiye anayekumbusha, kwa maneno makali.

Kaka aliondoka, kama alivyotakiwa. Lakini alikuwa amezungumza na mkewe na yule fundi viatu, na ikapangwa: kila akirudi safarini analala pale, na katikati fundi viatu anakuja asubuhi kusaidia kumketisha mama. Haikuwa mipango ya kung'aa. Kuna asubuhi fundi hakuja. Kuna safari lori liliharibika njiani. Ila Komeo hakumwinua mama peke yake tena, na aliporudi kazini aliwekwa kwenye kukunja taulo, kazi ya kukaa, ambayo msimamizi alimpa akinung'unika.

Mtaalamu wa viungo alipomwachia, alimwambia waziwazi. Mkono utainuka. Utabeba ndoo siku moja, polepole. Kudaka, hapana, mpira mmoja wa juu, kuanguka mara moja, kano zile zitakatika tena. "Kama unataka mpira, cheza na miguu."

"Miguu yangu haijui kitu," Komeo akajibu.

Nahodha alikuja nyumbani kumbembeleza. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mama, akasimulia jinsi timu inavyofungwa, akakwepa macho ya Komeo, halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Mimi nilidhani nakusaidia."

"Ulidhani, na mimi nilidhani. Yameisha."

"Basi njoo utazame tu."

Akaenda. Kaka alikuwepo nyumbani, kwa hiyo hakuwa na haraka. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya mbao mbichi kutoka ghalani. Alikaa chini pembeni mwa mstari, akaegemea mfuko wa mipira, mkono wa kulia mapajani. Alingoja huzuni imjie, akiona mtu mwingine golini kwake. Mpinzani akapiga, kipa mpya akapangua, watu wakapiga kelele. Komeo alisikia kelele zile zikienda mbali, zikawa kama zinatoka nyumba ya tatu. Kope zikashuka.

Alilala kipindi cha pili chote. Mashabiki waliruka karibu naye, mpira ukatoka ukapita karibu na miguu yake, hakushtuka. Alipofumbua macho uwanja ulikuwa mtupu na jua limeshuka upande wa ghala. Nahodha alikuwa ameketi kando yake, viatu mkononi, soksi zimejaa vumbi.

"Tumefungwa ngapi?"

"Usiulize."

"Mbona hukuniamsha?"

"Kukuamsha ili ufanye nini?" nahodha akasema.

Komeo akajiegemeza tena kwenye mfuko wa mipira, wakakaa hivyo, wote wawili wamechoka, hakuna aliyetangulia kuinuka.