Maisha ya Mama Kiti, Aliyemwekea Bwana Nafasi Mezani

Alizaliwa mwaka 1949 katika chumba kilichokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mke wake mfua nguo. Siku hiyo haikuonekana nyota wala nuru yoyote, ila moshi wa kiwanda, ambao ulionekana kila siku. Jina alilobatizwa limo katika kumbukumbu za kanisa, lakini waumini walimjua kama Mama Kiti, na sababu ya kuitwa hivyo ndiyo habari yote ya maisha yake.

Dalili za utakatifu zilianza mapema na ziliwachosha wazazi. Alipofundishwa kwamba Mungu yupo kila mahali, alianza kupiga hodi kabla ya kufungua kabati la vyombo. Aliposikia kwamba abishaye atafunguliwa, alikwenda kubisha mlango wa kanisa Jumanne mchana, akabisha mpaka mlinzi akaacha usingizi wake na kumfungulia. Andiko likatimia, ingawa mlinzi alilitimiza kwa matusi. Baba yake alimweka chini akamweleza kwamba baadhi ya maneno ya Kitabu ni mfano tu. Mtoto akauliza ni yapi. Baba akamtuma dukani kununua gundi, na katika maisha yake yote hakuna aliyemjibu vizuri zaidi ya hapo.

Aliolewa na dereva wa lori, akafiwa naye mapema, na mwaka 1978 akafungua mgahawa mkabala na gereji pamoja na mdogo wake wa kike. Siku ya kufungua, mdogo mtu alileta kibao alichokinunua kanisani, kimeandikwa kwa rangi ya dhahabu: Bwana ndiye mgeni wetu katika kila mlo. Kibao cha namna hiyo kimo katika nyumba nyingi, na kwa kawaida hutundikwa mahali ambapo ukuta una ufa. Mama Kiti alikisoma akiwa juu ya stuli, nyundo mkononi, misumari midomoni. Akashuka, akatema misumari.

"Sasa atakaa wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo mgeni."

Huo ndio ulikuwa wito wake. Tangu siku hiyo kiti kimoja cha mbao chenye egemeo, cha pekee ambacho hakikuyumba, kiliwekwa kwenye meza ya dirishani, na mbele yake sahani, kijiko na glasi ya maji. Kila asubuhi alikifuta kabla ya kuwasha jiko. Saa za mchana mgahawa ulijaa, mafundi wakala wamesimama huku wameegemea ukuta, na kiti kikabaki kitupu. Mdogo wake alikuwa mwanamke wa imani ya wastani. "Dada," alisema siku moja, akipita na sahani nne kwa mkupuo, "huyu Bwana wako hatuwezi kumfungashia akale kwake?"

Jaribu la kwanza lilikuja mwaka 1983. Fundi wa magari aliyeitwa Grisi, mtani mkubwa wa gereji, aliwaambia wenzake kwamba kiti ni kiti, akaingia, akakaa. Mama Kiti alitoka jikoni, akamtazama, akarudi ndani, akamletea pande la nyama alilokuwa amelificha. Kisha akavuta stuli akakaa mbele yake.

"Umechelewa," alimwambia.

"Foleni, mama," Grisi alijibu, na wenzake wakaangua kicheko.

"Sikulaumu. Nina swali tu. Mume wangu alipolazwa nilikuomba usimchukue. Ulinisikia?"

Kicheko kilikatika. Grisi alishika kijiko bila kukitumia. "Mama, mimi fundi magari tu."

"Lakini umekaa hapo."

Alitazama mlangoni, na mlangoni walikuwa wamejaa wenzake. "Sijui," alisema mwishowe. "Kweli kabisa, sijui kwa nini."

Mama Kiti aliitikia kwa kichwa kana kwamba jibu lile alilitarajia. "Haya. Kula, kitapoa."

Mashahidi wanakubaliana kwamba Grisi alikula huku machozi yanamtoka. Wale wa gereji husema ilikuwa pilipili. Kuanzia hapo alikuja kila wiki kutengeneza chochote kilichoharibika pale mgahawani, hakukaa tena kitini, na aliyetaka kujaribu alikutana naye kwanza.

Habari zilienea. Wanafunzi wa bweni la jirani walianza kukigusa kiti kabla ya mitihani. Matokeo hayakubadilika, ila imani iliongezeka. Mwaka 1990 wazee wa kanisa waliitisha kikao. Walijadili kwa kirefu kama Bwana ana makalio, jambo ambalo katibu aliliandika kwa maneno mengine, wakaamua kwamba mama huyu atamke mbele ya waumini kuwa kiti ni ishara tu, na asipotamka hivyo, afungiwe Meza ya Bwana na kanisa lisimzike. Wakati huo miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alikwisha kumwambia mdogo wake asipange mambo ya mbali. Mume wake alilala katika makaburi ya kanisa, na ubavuni mwake palikuwa na nafasi moja. Kukosa sifa angevumilia. Kukosa nafasi ile asingeweza.

Mchungaji, mtu mpole na msomi, alikuja mwenyewe ili kumsaidia. Kwa bahati mbaya alikuja saa za mchana. Alisimama karibu na dirisha, kofia mkononi, watu wamejaa mpaka mlangoni.

"Mama, hakuna anayekukataza kuamini," alisema kwa sauti ya chini. "Sema tu ni ishara. Ukisema hivyo, wakati ukifika nitakuzika kwa mikono yangu."

"Ishara ndiyo nini, mchungaji?"

"Ni ukumbusho. Kiti chenyewe ni mbao, kama hivi vingine."

"Kwa hiyo hakuna mtu hapo."

"Kwa maana hiyo, hakuna."

"Basi kaa," Mama Kiti alisema. "Umesimama muda mrefu, na nafasi nyingine sina."

Mchungaji alishika egemeo. Alikivuta kiti kidogo, akatazama sahani safi na glasi iliyojaa maji. Mdogo mtu alisimama na upawa unaochuruzika mchuzi sakafuni. Kisha mchungaji alikirudisha kiti mahali pake, polepole, kama anayechelea kumgonga mtu magoti.

"Nitakula nimesimama," alisema.

"Karibu," Mama Kiti alijibu, akampakulia.

Wazee walipomuuliza mchungaji alichokikuta, aliwaambia kwamba hakupata pa kukaa. Uamuzi wa kikao haukusomwa kanisani, siku hiyo wala baadaye.

Mama Kiti alifariki asubuhi moja ya mwaka 1991, kiti kikiwa kimefutwa na jiko halijawashwa. Mchungaji alimzika ubavuni mwa mumewe. Kati ya maajabu yake hukumbukwa kwamba viti vyote vya mgahawa vililiwa na mchwa isipokuwa kimoja, ingawa Grisi anajulikana kuwa alikuwa akikipaka oili chafu. Leo kimewekwa kanisani, karibu na mlango. Hata Jumapili ya kujaa kabisa, hakuna anayekikalia. Wazee hueleza kwamba mguu wake mmoja umelegea. Grisi, aliyeukaza mguu huo zamani, huwaunga mkono.

Muumini anayetaka kumwiga asianze na makubwa. Asome maneno yaliyotundikwa ukutani kwake, ajiulize kama anayaamini, na ikiwa jibu litachelewa, afute kiti kwanza.