Jina Wanalotumia Wenyeji

Siku tatu baada ya kura nilienda Kawangware kumwona dada yangu, mguu wake ulikuwa umevimba. Nilipanga kurudi Kibera jioni hiyo hiyo. Matokeo yakatangazwa, barabara zikafungwa kwa mawe na matairi, nikabaki huko na shati moja. Mke wangu alikuwa kwetu Makina, ndani ya Kibera, peke yake, na simu yake ilikuwa imezima.

Watu huniuliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Nilikula, nikalala, nikaamka. Dada alilia, mimi nikakaza miguu ya kiti chake kilichokuwa kinayumba, maana ufundi wangu ni viti. Shule niliacha darasa la tatu, na sababu yake ni ndefu, ina ng'ombe ndani, tuiache. Kusoma najua, pole pole, nikifuata kwa kidole.

Binti ya dada alikuwa anafanya kazi kwa saiba, pale watu wanapolipia intaneti. Mwenye duka alikuwa amefunga akaenda ushago, kijijini kwao, lakini binti alibaki na ufunguo. Mchana mmoja aliniingiza kwa mlango wa nyuma akanionyesha ramani ndani ya kompyuta. Watu walikuwa wanatuma habari, hapa nyumba imechomwa, pale njia imefungwa, na mahali hapo panawekwa alama nyekundu. Nikamwambia anitafutie Makina. Alisogeza, akasogeza. Barabara ya Ngong ilikuwepo. Reli ilikuwepo. Kwetu palikuwa peupe kama ukuta wa chokaa.

"Sasa mtu akituma habari ya huko, alama itawekwa wapi?" nikauliza.

"Ndio shida, anko. Hakuna mahali pa kuiweka."

Basi akaamua kupachora. Alikuwa amejifunza mwenyewe, bure, kwa masomo yaliyowekwa kwa intaneti na watu ambao hatawahi kuwaona. Unapewa picha iliyopigwa kutoka angani, unafuata njia kwa ile maus mpaka inakuwa mstari. Ukikosea, unarudi nyuma. Nilikaa kando yake nikitambua mapaa. Msikiti niliujua mara moja. Plot yetu niliijua kwa choo.

"Sasa majina," akasema. "Somo linasema uandike jina wanalotumia wenyeji. Si la serikali."

Hapo nikawa mwalimu. Kona ya Bomba. Kwa Mama Uji. Kwa Kinyozi, ingawa kinyozi mwenyewe alikufa zamani na sasa pale wanauza mitumba.

"Na hii nyumba?"

"Kwa Mkamba wa Viti."

"Huyo ni nani?"

"Ni mimi."

Alicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akaandika, akabonyeza. "Imeshika, anko. Sasa hata mtu wa Ulaya anakuona."

Jioni nikamwambia dada hayo yote tukinywa chai ya rangi. Yeye shule hakuingia kabisa. Akauliza, "Mtu wa Ulaya peke yake?"

Niliweka kikombe chini. Majirani wetu walijua mimi ni Mkamba, hiyo haikuwa siri. Lakini wale waliokuwa wakizunguka na panga siku zile, wakisaka watu kwa kabila, wengi walitoka mbali. Hawakujua milango. Walikuwa wakiuliza.

Asubuhi tulirudi kwa saiba, mtandao hakuna. Tulikaa pale mpaka saa nane ndipo ukarudi. Binti akafuta jina. Nikamwuliza kama limeisha kabisa, na yule binti hanidanganyi. Alisema ramani hiyo inaweka kumbukumbu ya kila kitu kilichobadilishwa, ili mtu akiharibu, mwingine arekebishe. Anayetafuta sana atalipata.

"Sasa niandike nini hapo?"

"Nyumba," nikasema. "Inatosha."

Siku mbili baadaye barabara zilifunguka kidogo, nikatembea kwa miguu. Soko la Toi lilikuwa majivu na misumari. Nilipita tu. Nikakatiza mtaa wa Ayany, nikaingia Makina, na mlango wetu ulikuwa pale. Mke wangu alikuwa amekaa kwa kigoda akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja."

"Mguu wa wifi?"

"Unapungua."

Juu ya mlango, pale nilipotundika kibao cha kazi yangu, kulikuwa na matundu mawili ya misumari. "Kibao changu kiko wapi?"

"Nilikipasua kuni siku ile ya kwanza. Kilikuwa na jina."

"Hakuna mtu amekuja?"

"Walikuja. Vijana siwajui. Wakaniuliza Mkamba wa Viti anakaa wapi. Nikawaambia hapa ni kwa fundi wa viatu, na amehama." Akatupa jiwe nje. "Kiluo changu kibovu kilisaidia kidogo."

Nilitaka kumwuliza ilikuwa siku gani, kabla ya ile ramani au baada. Aliweka sufuria mekoni. Maharagwe yalichukua muda mrefu kuiva, nikayala, na sikuuliza. Tumeishi pamoja miaka mingi tangu hapo na bado sijauliza.