Maksai Aliyeshindwa Kukojoa

Miaka michache kabla sijastaafu na kuhamia Chemchem, nilikuwa bwana mifugo wa kata moja upande wa Nzega. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na watu wako mashambani, mama mmoja mjane akanipigia simu. Maksai wake mwekundu amegoma kuvuta plau.

Nilifika kwa pikipiki saa nne asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Njoo umwone. Tangu jana anajikamua tu, hakitoki kitu."

Maksai alisimama kando ya boma, mkia juu, mgongo umejipinda, akijipiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Manyoya ya pale mkojo unapotokea yalikuwa makavu, yameshika chengachenga nyeupe kama chumvi. Nilivaa glavu ndefu, nikaingiza mkono kwa nyuma na kukipapasa kibofu kupitia ukuta wa utumbo. Kilikuwa kimekaza kama mpira uliojazwa upepo kupita kiasi.

Nilimweleza mama. Figo huchuja damu bila kupumzika, zikashusha mkojo kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu. Kutoka hapo kuna njia moja tu. Kwa dume njia hiyo ni ndefu na nyembamba, nayo hujikunja kama herufi S kabla ya kufika nje. Kijiwe kilichojijenga kwenye mkojo kilikuwa kimekwama humo, huku figo zikiendelea kushusha.

"Si uingize mpira umzibue?"

"Mpira haupiti kwenye ile kona, mama. Inabidi apasuliwe."

Kupasua sikusomea, wala vifaa sikuwa navyo. Nilimchoma sindano ya maumivu, nikampigia daktari wa wilaya. Alikuwa mbali, kwenye chanjo. "Kesho mchana," alisema, "nikiwahi."

Mama alikuwa ameshika pembe ya maksai wake. "Kwa nini yeye? Majike wanakunywa maji haya haya."

Nilimjibu kwamba njia ya jike ni fupi na pana. Sikumwambia yaliyobaki. Dume akihasiwa angali mdogo sana, njia yake hubaki nyembamba. Huyu nilimhasi mimi, kwa koleo langu la kuhasia, kwenye boma lile lile, akiwa ndama wa wiki chache, kwa sababu ndama mdogo ni rahisi kumshika. Mama alinipikia kuku siku ile.

Asubuhi iliyofuata simu iliita nikiwa napiga mswaki. Alikuwa anacheka.

"Baba, amepona! Ametulia, hajipigi tena tumbo. Anakula!"

"Amekojoa?"

"Bado. Lakini amepona."

Nilikaa kizingitini, mswaki mkononi. Kibofu kikipasuka, yale maumivu ya kukaza huisha ghafla, na mnyama huonekana ana nafuu. Kumbe mkojo wote unamwagikia tumboni. Nilishindwa kumwambia kwenye simu.

Nilimkuta amemkatia majani mabichi, anamlisha kwa mkono. Nilimwambia palepale, nimesimama.

"Lakini anakula," alisema.

"Ni leo tu, mama."

Daktari alikuja alasiri, akamdunga maksai sindano chini ya tumbo. Maji yaliyotoka yalinuka mkojo. Alitikisa kichwa. Tulimchinja jioni ile ile asiendelee kuteseka. Nyama nayo ilinuka, daktari akaagiza ifukiwe, na majirani wawili wakachimba shimo.

Kabla hawajamfukia nilifuata ile njia kwa kisu hadi kwenye kona. Kijiwe kilikuwa kidogo kama choroko. Mama alikitaka, nikamwekea kiganjani.

"Ni haka tu?"

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya kuhasi. Alikifumba kijiwe kiganjani.

"Mbona hukusema siku ile? Ningemsubiri akue."

Ningeweza kusema kwamba hata chuoni tulielezwa hilo kwa haraka haraka, lakini haingemsaidia.

Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, akaishia nusu ya shamba. Maksai wake wa pili alishinda malishoni peke yake, hana wa kufungwa naye. Mimi nilianza kuwaambia wafugaji wasubiri ndama wakomae kidogo, na wengi walinisikiliza. Mwaka uliofuata mbuzi wa yule mama waliugua. Nilisikia amemwita bwana mifugo wa kata ya jirani.